Pweza Wangu, Kasa wa Nungwi na Pomboo wa Bwawani

Maneno ya jirani wa hekalu, mwalimu mstaafu wa baiolojia, mbele ya wanachama na wageni katika sherehe za mwaka huu

 

Nimepewa nusu saa. Nilipokuwa kazini, nusu saa haikunitosha hata kuita majina na kuwakemea waliochelewa, lakini leo nitajitahidi.

Wengi wenu mnanijua kwa jina la Mwalimu tu. Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari za mji huu kwa miaka 33, na nyumba yangu iko upande wa bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipojaa bonde la Msimbazi na kutuingilia vyumbani, khichri tuliyokula siku mbili za mwanzo ilipikwa katika masufuria ya hekalu hili. Deni la namna hiyo halilipwi kwa hotuba. Lakini jirani akikuita, huitika.

Niliitwa kwa sababu ya mzozo mdogo, na sidhani kamati itaona haya nikiusema, maana ni mzozo wa heshima. Vijana wamepanga safari ya Unguja. Katika ratiba yao yapo mambo mawili yanayohusu bahari: siku ya kwanza kwenda Nungwi kuwalisha kasa wanaotunzwa bwawani, na siku ya pili kwenda Kizimkazi kuogelea na pomboo. Mama mmoja akauliza kikaoni: watoto hawa tunaowafundisha ahimsa tangu hawajajua kusoma, ni sawa kuwapeleka wakafurahie mnyama aliyefungwa au anayefukuzwa? Wengine wakasema si kitu, ni utalii tu. Kikao kikagawanyika katikati, na mtu akakumbuka kwamba ng'ambo ya barabara yupo mzee aliyesoma habari za wanyama.

Nitaanzia mbali kidogo na Unguja.

Miezi michache iliyopita, kijana niliyemfundisha zamani, ambaye leo ana duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, alinisimamisha barabarani anionyeshe simu yake. Alikuwa amerudi kutoka Dubai alikokwenda kufuata mzigo, na safari hiyo alikuwa amemchukua binti yake wa miaka tisa. Katika picha inayotembea, binti amepiga magoti ukingoni mwa bwawa la maji ya buluu, na pomboo anainuka kutoka majini na kumgusa shavu kwa mdomo. Muziki unalia, watu wanapiga makofi. "Mwalimu," akaniambia, "mwangalie alivyo na furaha. Anacheka!" Nilidhani anamsema binti. Alikuwa anamsema pomboo.

Nikamwambia kweli niliyoijua, ingawa nilitamani kuinyamazia, maana yule baba alikuwa amejaa furaha. Pomboo hana misuli ya kuukunja na kuukunjua uso kama sisi. Taya lake limechongwa hivyo tangu kuzaliwa. Huonekana anacheka anapocheza, huonekana anacheka anapougua, na huonekana anacheka akiwa maiti. Mwishoni mwa Aprili 2006 mamia ya pomboo walikutwa wamekufa kwenye fukwe za Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Waliofika pale kuwatazama waliona mamia ya mizoga, na kila mmoja anatabasamu.

Yule kijana akaizima simu yake. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenileta mbele yenu: "Lakini Mwalimu, kama hana furaha, sisi tutajuaje?"

Sikumjibu siku ile. Jibu langu lina aibu ndani yake, na sikutaka kulitolea pale, katikati ya mikokoteni na wapiga debe. Leo nitalitoa, kwa kuwa hamtanikimbia kabla ya chakula.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana mwenye bidii nyingi kuliko akili. Wakati wa bamvua, maji yalipokupwa mpaka miamba ikatokeza, niliwachukua wanafunzi wangu pwani ya Kunduchi kuona viumbe vya mwambani. Tulimkuta mama mmoja akichokoa pweza kwa fimbo yake, akimtoa mmoja baada ya mwingine na kumuua papo hapo, kazi ya dakika moja. Nilimwomba aniuzie mmoja akiwa hai. Alinitazama kama mtu anayetazama mwendawazimu mpole, akaniuzia mdogo, mwili wake haujazidi ngumi yangu. Tulimtia ndani ya ndoo ya maji ya bahari, tukaifunika kwa kanga, tukarudi mjini kwa daladala. Kondakta alitaka nauli ya ndoo, nikalipa.

Maabara yetu ilikuwa na sanduku la kioo lililokuwa likikaa tupu. Tulilijaza maji ya bahari tuliyoyabeba kwa madumu, tukaweka mawe mawili na chungu kilichovunjika kiwe pango lake, tukaazima pampu ya hewa, tukafunika kwa ubao. Siku mbili za kwanza alijikunyata ndani ya chungu, rangi yake ileile ya udongo wa chungu, hata mgeni akiingia huapa kwamba sanduku halina kitu. Siku ya tatu akatoka.

Nimefundisha maelfu ya watoto wa binadamu, na nasema bila utani kwamba wachache walinitazama kwa makini kama alivyonitazama yule pweza. Ukipita kushoto, jicho lake linakufuata kushoto. Tulimpa kaa mdogo ndani ya chupa ya jemu iliyofungwa kifuniko. Alichukua karibu saa nzima mara ya kwanza. Mara ya tatu alimaliza kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni. Alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyemchukia, kijana aliyekuwa na tabia ya kugonga kioo kwa rula. Kila alipokaribia, pweza aliinua bomba lake juu ya maji na kumrushia maji usoni, yeye na si mwingine, hata akisimama katikati ya wenzake waliovaa sare ileile. Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka. Niliona nimepata kifaa bora cha kufundishia kuliko vyote vilivyokuwamo katika maabara ile.

Niwaeleze kidogo yule alikuwa kiumbe wa namna gani, kwa sababu tumemzoea akiwa vipande kwenye vijiti na supu katika kikombe pale Kariakoo jioni, na kitu ulichokizoea huulizi habari zake. Pweza ana mioyo mitatu. Damu yake ni ya buluu, kwa kuwa inabeba hewa kwa madini ya shaba badala ya chuma. Ana seli za neva zipatazo milioni 500, na theluthi mbili ya hizo hazimo kichwani bali zimetawanyika katika mikono yake minane, kiasi kwamba kila mkono unaonja na kupapasa na kuamua mambo madogo wenyewe, kama vijakazi wenye akili katika nyumba ya bibi mwenye shughuli. Na pamoja na utajiri huo wote wa akili, pweza wa miamba yetu haishi zaidi ya mwaka mmoja na miezi michache. Jike hutaga, huyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa.

Basi huyo ndiye niliyemweka ndani ya sanduku la kioo lenye urefu wa mkono wangu.

Kufikia siku ya nane niliona kitu nisichokielewa. Ncha ya mkono wake mmoja ilikuwa imekatika. Nikadhani ni kaa aliyempigania. Kesho yake ncha ya mkono wa pili. Nilikaa baada ya masomo nikamtazama, ndipo nikaona: alikuwa anajila mwenyewe. Leo najua kwamba jambo hilo limeandikwa na watafiti wengi, na kwamba huwapata pweza waliofungwa katika hali mbaya. Siku ile sikujua. Nilichojua ni kwamba maji yamechafuka, kwa hiyo nikapanga tukachote mengine Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi mfagizi alinipokea mlangoni. Ubao ulikuwa umesogezwa kwa upana wa vidole viwili. Pweza tulimkuta chini ya kabati la kemikali, amekauka, amefunikwa vumbi, na njia yake ya ute ilionekana sakafuni. Alikuwa ameelekea mlangoni. Au huenda ndivyo nilivyotaka kuona. Sakafu ilikuwa na pande nne, na lazima aelekee mmojawapo.

Mwanafunzi mmoja wa kike alilia. Nilimwambia asilie, ni sayansi. Hilo ndilo neno ninalolijutia zaidi katika miaka yangu 33, na wapo watu humu ukumbini niliowachapa viboko.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, nilisoma gazetini habari za pweza aliyeitwa Inky katika jumba la viumbe vya bahari la mji wa Napier, New Zealand. Usiku mmoja alijipenyeza juu ya sanduku lake, akatambaa sakafuni, akaingia katika bomba la maji machafu lenye urefu wa mita 50 linaloishia baharini, akaenda zake. Dunia nzima ilifurahi, magazeti yakamsifu kama shujaa. Mimi nilikumbuka kwamba maabara yangu haikuwa na bomba la kwenda baharini.

Sasa nirudi kwa swali la kijana wa Mtaa wa Kongo. Tutajuaje? Nafikiri tunajua kwa anachokifanya mnyama pale tunapokuwa tumegeuza mgongo. Mbele yetu pweza alifungua chupa, na sisi tukasema anafurahia shule. Nyuma yetu alikuwa akijila mikono.

Pomboo na nyangumi wana habari kama hizo, tena nzito zaidi, kwa sababu wao si wapweke kama pweza. Ni watu wa ukoo. Kila pomboo wa jamii ile inayochezeshwa mabwawani ana mluzi wake mwenyewe anaoutunga akiwa mchanga. Mwaka 2013 watafiti wa Scotland walionyesha kwamba pomboo akisikia mluzi wake unaigwa, huitika, na akisikia wa mwingine hanyanyuki, kama ambavyo mimi nikiita jina la Mwenyekiti humu ndani ni yeye atakayegeuka. Wana majina, basi. Mwaka huohuo ilionekana kwamba pomboo aliweza kuukumbuka mluzi wa mwenzake waliyetengana naye miaka 20. Nawaomba mlifikirie hilo mbele ya bwawa lolote ambalo wanyama wake wamekusanywa kutoka bahari mbalimbali. Mwaka 2007 pomboo 28 walisafirishwa kwa ndege kutoka Visiwa vya Solomon, katika bahari ya Pasifiki, hadi hoteli moja kubwa ya Dubai. Walitolewa katika makundi yao baharini. Sisi tunaona pomboo 28. Wao, kila mmoja, ana majina ya waliobaki.

Yupo mmoja ambaye habari zake zilinikaa rohoni. Alikuwa pomboo mkubwa wa jamii ile tunayoiita nyangumi muuaji, weusi kwa weupe. Aliitwa Lolita na wenye bwawa, na Tokitae na wengine. Agosti 1970, akiwa bado mtoto, alinaswa katika maji ya jimbo la Washington, Marekani, akapelekwa Miami, na huko akaishi katika bwawa ambalo urefu wake haukufika mita 25. Mwenzake wa jamii yake aliyekuwa naye, Hugo, alikufa mwaka 1980, na baada ya hapo hakumwona tena aliye kama yeye. Machi 2023 ikatangazwa kwamba utafanyika mpango wa kumrudisha kwenye maji ya kwao. Akafa Agosti mwaka huohuo, kabla ya safari. Miaka 53. Binadamu aliyefungwa miaka hiyo yote, tungekwisha kumwandikia nyimbo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, ambao wameshiba na sasa wanatafuta wa kumhurumia. Nawakumbusha kwamba mojawapo ya serikali zilizotangulia katika jambo hili haikuwa ya Wazungu. Ilikuwa ya India. Mwaka 1998 pomboo kutoka Bulgaria waliletwa katika kituo cha burudani karibu na Chennai, wakafa baada ya miezi michache. Kisha, mnamo Mei 2013, mamlaka ya India inayosimamia bustani za wanyama ilitoa waraka wa kuzuia mabwawa ya maonyesho ya pomboo nchini kote, na miradi iliyokuwa imekwisha kupendekezwa, ukiwemo wa Kochi huko Kerala, ikafa. Waraka ule haukuishia kwenye hesabu za maji na chakula. Ulitaja rai ya wanasayansi kwamba viumbe hawa kwa akili zao wastahili kutazamwe kama nafsi, ingawa si binadamu, na kwamba haifai kimaadili kuwafunga kwa ajili ya burudani. Canada ilipitisha sheria yake mwaka 2019, Ufaransa mwaka 2021. India ilikuwa mbele yao. Nchi hiyohiyo ilikuwa imemtangaza pomboo wa mto Ganga, ambaye karibu ni kipofu na huona kwa masikio, kuwa mnyama wa majini wa taifa, mwaka 2009.

Mimi si mtu wa kuwafundisha dini yenu, nami sitathubutu mbele ya Maharaj. Lakini nimekaa jirani ya picha za ukutani humu tangu utoto wangu, na mtoto huuliza. Niliambiwa na mzee mmoja, marehemu sasa, aliyekuwa akiuza viungo hapa karibu, kwamba Vishnu alipoanza kushuka duniani alishuka kwanza akiwa samaki, na mara ya pili akiwa kasa. Mbele ya kasa alivua kofia kabisa: "Huyu aliubeba mlima mgongoni, wewe huwezi hata kubeba gunia." Wazee wenu walikuja hapa kwa majahazi kutoka Mandvi na Porbandar kwa pepo za kaskazi, na sina shaka kwamba pomboo waliogelea mbele ya omo zao kama wanavyofanya mbele ya kila chombo, kwa hiari yao, mpaka walipochoka na kwenda zao.

Sasa nifike kwenye pingamizi, maana zipo, na mojawapo inanihusu mimi binafsi.

Mjukuu wangu aliposikia nitazungumza nini leo, aliniuliza: "Babu, si wewe unayekunywa supu ya pweza kila Ijumaa?" Ni kweli. Hata wiki ile ya mwaka 1988 nilikunywa. Wengi wenu hamli nyama wala samaki, na kwenu swali langu limekwisha jibiwa zamani: usiue, usifunge. Mimi sijafika huko, na sitajifanya nimefika kwa ajili ya makofi. Ninachoweza kusema ni hiki: yule mama wa Kunduchi alimuua pweza kwa dakika moja baada ya pweza kuishi maisha yake yote ya kipweza, na watoto wake wakala. Mimi nilimpa siku kumi na moja za kitu ambacho hakikuwa maisha wala kifo, na hakuna aliyekula. Kati yetu wawili, naona mkosaji ni mimi. Kama yule mama naye ana kosa, hilo ni kati yake na ninyi msiokula nyama, nami nitakuwa upande wake wa mashtaka.

Pingamizi ya pili ni ya walimu wenzangu: mtoto hawezi kupenda asichokiona. Niliiamini. Lakini yule mwanafunzi aliyekuwa akigonga kioo kwa rula, je, alijifunza kupenda? Alijifunza kwamba kipo kiumbe ambaye unaweza kumuudhi bila kuchapwa. Bwawa hufundisha bwawa. Binti wa kijana wangu alijifunza Dubai kwamba pomboo ni mnyama anayetoa busu baada ya kupewa samaki.

Pingamizi ya tatu ni ngumu zaidi, nayo ni kwamba mnyama aliyekwisha kuzoea kufungwa hawezi kufunguliwa hivihivi. Keiko, nyangumi muuaji aliyechezeshwa katika filamu iliyompa umaarufu, alirudishwa bahari ya Iceland, akaogelea mpaka Norway mwaka 2002, akiwatafuta watu badala ya wenzake, na akafa Desemba 2003. Wapo wanaosema ilikuwa kosa kumwachia. Mimi nasema ilikuwa kosa kumchukua, na kosa la kwanza halifutwi kwa kuliendeleza.

Hapo ndipo tunapofika Nungwi, maana Nungwi si Dubai.

Bwawa la Mnarani ni dimbwi la asili katika mwamba, maji ya bahari huingia na kutoka. Wanakijiji wenyewe walilianzisha mwaka 1993, katika sehemu ambayo kasa alikuwa kitoweo. Tangu hapo, kasa aliyenaswa wavuni ana njia nyingine zaidi ya kisu: hupelekwa bwawani, hutunzwa, na baadhi huachiwa baharini. Wageni hulipa na kuwalisha mwani, na fedha hiyo hulifanya bwawa liendelee. Kasa wa kijani huchukua zaidi ya miaka 20 kufikia umri wa kutaga, na jike hurudi kutaga katika pwani alikozaliwa, akiongozwa na nguvu ya sumaku ya dunia ambayo sisi hatuisikii hata tukisimama kwa kichwa. Mnyama mwenye safari kama hiyo ndani yake, kila mwezi anaokaa bwawani ni mwezi unaopaswa kuwa na sababu.

Kwa hiyo sitawaambia vijana wasiende. Waende, na waulize kila kasa wanayeonyeshwa: huyu alitoka wapi, anaumwa nini, atatoka lini? Penye jibu la swali la tatu, pale ni hospitali. Wakisikia kwamba kasa fulani hatatoka kwa kuwa wageni wanampenda, wakae pembeni wasimlishe. Wala asinyanyuliwe mtu yeyote wa magamba kwa ajili ya picha. Nawajua watoto, na nawajua wazazi wao zaidi.

Kizimkazi hakuna bwawa. Pomboo wako katika bahari yao, na kabla ya utalii kuanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wakivuliwa wawe chambo cha papa. Utalii ndio uliowafanya wavuvi waone pomboo aliye hai ana thamani kuliko chambo, na hilo ni jema ambalo sitalidharau. Lakini watafiti waliokaa na kuhesabu walikuta kwamba boti zikiwa nyingi, pomboo hupumzika kidogo na husafiri zaidi. Huja ghubani asubuhi kulala, na kulala kwao ni kwa nusu ya ubongo kwa zamu, ili nusu nyingine ikumbuke kupanda juu kuvuta hewa. Hapo ndipo boti kumi zinapomzunguka na watu wanaruka majini mbele ya pua yake. Hajafungwa kwa ukuta. Amefungwa kwa injini.

Shauri langu kwa kamati, mkipenda kulichukua: nendeni Kizimkazi na boti mbili tu, mpatane na manahodha bei kabla, na katika mapatano hayo muweke kwamba hamna mtu atakayeingia majini, na kwamba mkiwaona pomboo, injini izimwe kwa mbali. Nahodha atashangaa. Atawaambia wageni wote hutaka kuogelea. Mwambieni ninyi ni wageni wa namna nyingine, na mlipe sawa na walioogelea, ili asipate hasara kwa adabu yenu. Pomboo wakija, watakuja. Wasipokuja, mtakuwa mmeona bahari, na nimesikia akina mama wameahidi thepla za njiani.

Jana jioni nilipita dukani kwa kijana wangu wa Mtaa wa Kongo kumwomba ruhusa ya kusimulia habari za binti yake. Aliniruhusu. Binti mwenyewe alikuwapo, ameketi juu ya marobota ya vitenge, akafanya hesabu zake za shule. Alitaka kujua kama pomboo wa Dubai ana jina. Nikamwambia analo walilompa wenye bwawa. Akasema, "Hilo nalijua, walilitangaza kwenye spika. Nauliza lile lake." Nikamweleza habari za mluzi. Alifikiri, akamgeukia baba yake na kumwuliza kama yumo katika orodha ya safari ya Unguja, na kama boti ikizimwa injini watausikia.

Orodha iko kwa Katibu, mezani pale karibu na viatu. Nami nimekwisha kuandika jina langu, boti ya kwanza.